Kuhusu ile filamu ya midoli, na kwa nini binti yangu hana pepo

Najua nimepotea hapa karibu miezi mitatu, na najua pia kwamba mimi nilipotea lakini habari zangu hazikupotea. Zimetoka hapa Columbus, Ohio, zikafika Tabata, zikapanda basi mpaka Morogoro, halafu zikanirudia kwa simu ya shangazi saa tisa za usiku (huko kwenu saa tano asubuhi) zikiwa zimenenepa: eti binti yangu amepandwa na pepo kwa sababu ya sinema, eti haongei, eti mchungaji kamwombea akashindwa.

Jamani! Mtoto anaongea, tena anaongea mno. Mchungaji hakushindwa kitu, alimwombea akampa na biskuti. Ila ni kweli kulikuwa na sinema, na ni kweli nyumba yangu haikulala kwa wiki tano. Nimekaa leo niandike yote mara moja, kwa sababu nimechoka kueleza kwa vipande vipande kwenye kundi la ukoo. Na mwisho nina jambo linalohusu hela, kwa hiyo msiishie katikati.

Ilianza hivi. Kama mnavyojua nilikuwa nabeba boksi zamu ya usiku, kwenye nyumba ya wazee. Natoka saa tano kasoro usiku, narudi saa moja na nusu asubuhi kumwandaa mtoto kwenda shule. Usiku anabaki na mtoto wa kaka, ambaye ana miaka 18 na yuko chuo. Kijana mzuri, hanywi, havuti, ila ana ugonjwa wa filamu za zamani. Anazinunua kwenye duka la mitumba, DVD moja dola mbili. Usiku mmoja wa Oktoba aliweka filamu inaitwa Puppet Master, akidhani mdogo wake amelala. Kumbe mdogo wake amesimama mlangoni na blanketi lake, ameiona karibu yote.

Wengi wenu mnamjua Chucky, yule mdoli mwenye kisu wa mwaka 1988. Tulimwangalia kwenye mabanda ya video, tumebanana kwenye mabenchi, deki inakula mkanda, mwenye banda anaupiga kofi. Basi hii Puppet Master ni ya mwaka uliofuata, 1989, na ni ndugu wa Chucky asiyekuwa na hela. Mtengenezaji wake ni Mmarekani anaitwa Charles Band. Kampuni yake ya mwanzo, Empire, ilianguka mwaka 1988, akafungua nyingine, Full Moon, na hii ndiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza pale. Haikwenda kwenye majumba makubwa ya sinema. Ilitolewa moja kwa moja kwenye kanda za video, mtu akaazime dukani aende nayo nyumbani. Lakini mpaka leo imezaa filamu zaidi ya kumi za ukoo huo huo.

Kisa chenyewe: mwaka 1939, kwenye hoteli moja iliyo juu ya mwamba kando ya bahari kule California, yuko mzee anaitwa Toulon. Ni fundi wa vikaragosi. (Ningesema vibaraka, lakini mngedhani naongelea siasa.) Mzee anajua siri ya zamani ya Misri ya kuvipa uhai. Watu wawili wa Hitler wanakuja kumkamata ili wamnyang'anye hiyo siri. Mzee anawaweka midoli wake ndani ya sanduku, analificha ukutani, kisha anajipiga risasi. Inapita miaka hamsini. Mtu mwingine mwenye roho mbaya analipata lile sanduku, na hapo ndipo watu wanaanza kufa mmoja mmoja hotelini.

Midoli wenyewe ni watano. Yuko Blade, uso mweupe kama chokaa, kofia nyeusi, mkono mmoja ndoano na mwingine kisu. Yuko Pinhead, kichwa kama ndimu na mikono mikubwa kama ya mbeba mizigo wa Kariakoo. Yuko Tunneler, ambaye juu ya kichwa ana keke, ile ile ya fundi seremala. Yuko Jester, ambaye uso wake umekatwa vipande vitatu vinavyozunguka, mara anacheka mara analia. Halafu yuko mwanamke anayetapika ruba. Ndiyo, ruba, wale wanyonya damu wa mabondeni. Huyo mama ndiye aliyemkaa mwanangu rohoni.

Basi mtoto akaanza. Mwanzo hataki kwenda chooni peke yake. Kisha hataki miguu yake iguse sakafu kitandani, lazima aruke kutoka mlangoni. Kisha halali kabisa. Halafu, samahani mwanangu ukija kuyasoma haya ukubwani, akaanza kukojoa kitandani, mtoto wa miaka tisa. Mwalimu akanipigia simu kwamba analala darasani. Mimi nilikuwa nimetoka kazini, nimekaa kwenye gari nje ya nyumba, nguvu za kufungua mlango wa gari sina. Nilimjibu mwalimu kwamba mtoto ana mafua.

Nilifanya nini? Nilifanya yote mliyonishauri, nisije nikaambiwa nimekuwa Mzungu. Tuliomba. Nilimwambia ni midoli tu, ni mbao na matambara. Nilimgombeza mtoto wa kaka mpaka akalia, mwanaume mzima. Mama akasema ichome moto hiyo DVD. Mama, hapa nyumba za kupanga zina ving'ora vya moshi, ukichoma kitu zimamoto wanakuja mlangoni. Kwa hiyo niliitupa. Niliipeleka kwenye pipa kubwa la taka nje, nikarudi nikamwambia mwanangu, haya, imekwisha, haimo tena ndani ya nyumba.

Usiku ule ulikuwa mbaya kuliko zote. Mtoto wa kaka alinipigia kazini saa nane. Akampa simu, na mtoto anatetemeka, anasema: "Mama, zamani nilikuwa najua iko wapi. Sasa sijui iko wapi."

Nilipotoka kazini asubuhi ile kabla sijaingia ndani nilikwenda pipani. Theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka. Mwenzenu, na sare yangu ya kazi, niliingia nusu mwili kwenye pipa la taka la jumba zima, natafuta sinema ya midoli. Jirani mmoja mzee alipita na mbwa wake, akaniangalia, akanisalimia kwa heshima zote, akapita. Niliipata chini ya maboksi ya piza. Niliiosha kwa sabuni ya vyombo.

Jumapili ile hatukwenda kanisani. (Shangazi, nisamehe, ilikuwa Jumapili moja.) Nilifungua mapazia yote, nikapika chapati, nikamkalisha mwanangu katikati yetu, mimi huku, kaka yake huku. Tukaiangalia tena mchana, na remoti akaishika yeye. Sehemu za watu wazima na zile za damu nyingi tulizipitisha haraka. Nilimwambia: ukiogopa, simamisha picha. Alisimamisha nadhani mara mia. Na kila aliposimamisha, mtoto wa kaka, ambaye sasa alikuwa anatafuta msamaha, alimweleza kilichokuwa kinafanyika. Nami nikajifunza.

Angalieni huu ujanja. Kamera mara nyingi iko chini kabisa, kimo cha paka, inakimbia sakafuni kwenye korido ndefu. Unasikia na hatua ndogo ndogo. Mdoli mwenyewe humwoni, unaona anachokiona yeye. Kwa hiyo hapo hawakuhitaji mdoli hata kidogo, walihitaji mtu wa kukimbia na kamera. Halafu mdoli akionekana, mara nyingi unamwona kuanzia kiunoni kwenda juu, au nyuma ya kiti, au ukingoni mwa kitanda. Kwa nini? Kwa sababu chini yake kuna watu. Wamelala sakafuni au wamejikunja nyuma ya kitanda, wanamwendesha kwa fimbo na nyaya. Wale mikono mikubwa ya Pinhead, zipo picha ambapo ni mikono ya mtu kabisa, ya damu na nyama.

Na anapotembea mwili mzima bila mtu chini yake, hapo ni kazi ya fundi anaitwa David Allen. Huyu alikuwa bingwa wa ile kazi ya kumsogeza mdoli kidogo sana, unapiga picha, unamsogeza tena, unapiga picha. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Hatua chache za mdoli zinaweza kukulia siku nzima. Mwaka 1990 walimpa aongoze filamu ya pili yeye mwenyewe, na alifariki mwaka 1999. Mimi nilikuwa nadhani filamu ya bei poa maana yake watu wamefanya ovyo. Waigizaji kweli wengine wanasoma maneno kama wanasoma risiti. Lakini mtu aliyemtembeza yule mdoli hakufanya ovyo. Hela haikuwapo ndiyo maana mikono ilifanya kazi zaidi.

Tukafika mwisho. Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Yule bwana mwenye roho mbaya aliyewaamsha midoli anawadharau, anamtupa Jester kama takataka, mbele ya wenzake. Basi wale midoli wanaangaliana, wanamgeukia yeye. Mwanangu alisimamisha picha. Akakaa kimya. Akaniuliza:

"Yule babu wa mwanzo alipokufa, nani alikuwa anabaki nao usiku?"

Nikasema hakuna, walikuwa ndani ya sanduku.

"Miaka hamsini?"

Miaka hamsini, nikamwambia.

Akasema, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anakula chapati: "Mimi nikisikia mlango umefungwa, wewe umekwenda kazini, ndiyo miguu yao inaanza."

Nitawaambia ile miguu ni nini. Nyumba hii ina mabomba ya kupasha joto, na usiku yakipoa yanagonga, tok, tok, tok, ukutani nyuma ya kitanda chake. Yanagonga tangu tulipohamia. Mimi sikuwahi kuyasikia kwa sababu usiku sikuwahi kuwapo. Miaka miwili na nusu mwanangu analala kwenye chumba ambacho sijui usiku wake unalia vipi.

Niliinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Basi, sikuwa na jibu, ila nilikuwa na soksi. Nilimwambia hivi: wewe na mimi tutatengeneza mdoli wetu, wa kutisha kuliko yule wa ruba. Mnakumbuka sisi tulivyokuwa tunatengeneza magari ya waya, na midoli ya matambara, na mpira wa makaratasi na kamba? Hapa watoto wananunuliwa kila kitu, mikono yao haijui waya unapindwaje. Tulichukua hanga ya chuma, soksi yangu ya kazini, magazeti ya matangazo yanayoletwa bure, na gundi ya uji wa ngano kama ile aliyotufundisha Mama kubandikia tiara. Macho ni vifungo viwili visivyolingana. Meno alikata yeye kwenye kopo la maziwa ya plastiki. Alipokauka, wallahi, hata mimi nilimgeuzia uso ukutani nilipokwenda kulala.

Kaka yake akaweka programu kwenye simu, ile ya kupiga picha moja moja. Tulifanya picha 12 kwa sekunde, nusu ya wale wakubwa. Jumapili ya kwanza, kuanzia saa nne asubuhi mpaka giza, tulipata picha 72. Sekunde sita! Kuna moja tuliharibu kwa sababu nilipiga chafya. Jumapili tatu zikatupa sekunde arobaini, picha 480, na sehemu nyingine mdoli anatokea nusu juu ya meza ya jikoni, na chini ya meza niko mimi, nimelala chali, mkono juu.

Nataka mlione hilo. Nimetoka kazini usiku uliotangulia, nimegeuza wazee, nimebadilisha mashuka, mgongo unawaka. Nimelala kwenye vigae, mkono umekufa ganzi, na mwanangu anapiga kelele kama bosi: "Mama, inua! Mama, mgeuze kushoto! Mama, usicheke!" Nilikuwa nawaza, kumbe hivi ndivyo. Kila mdoli anayetisha, chini yake kuna mtu amechoka, mkono unamuuma. Yeye mwanangu akiinama anaona uso wa mdoli upande huu na uso wangu upande huu. Na hakuogopa hata chembe. Wazee walikwisha sema kinyago ukichonge mwenyewe halafu kikutishe? Nilikuwa nausikia huo msemo kwenye hotuba za wanasiasa, sikujua unafaa kwa mtoto anayekojoa kitandani.

Sasa kisa cha filamu yake, maana alikitunga yeye na sikuruhusiwa kubadilisha. Mdoli anatoka chini ya sinki usiku. Anapanda meza. Anakikuta kitambulisho changu cha kazini, kile chenye picha yangu. Anakila. (Tomato sosi nyingi.) Asubuhi mama anakitafuta hakioni, anashindwa kwenda kazini. Mwisho.

Mtoto wa kaka alicheka. Mimi nilicheka pia, halafu sikucheka.

Jumatatu yake nilikwenda kwa msimamizi wangu nikaomba zamu ya mchana. Alinipa baada ya wiki mbili. Na hapa ndipo lile jambo la hela nililowaambia. Zamu ya usiku ilikuwa inanilipa dola mbili na nusu zaidi kwa kila saa. Saa arobaini kwa wiki, hiyo ni dola mia moja kila wiki, kabla ya kodi. Hizo mia moja ndizo zilikuwa zinakuja huko. Ndiyo bati za nyumba ya Mama, ndiyo ada ya pale Morogoro. Sitazificha tena nyuma ya maneno ya "mwezi huu mambo yamekaza." Hayajakaza. Nimechagua.

Mama, bati zitasubiri mpaka Juni au Julai. Najua masika yanakuja, na najua upande wa jikoni unavuja. Kaka nimeshaongea naye, ataweka turubai. Ada ya mtoto itaendelea, hiyo sijaigusa. Wengine wenye maombi madogo madogo naomba mnisubiri, na msinipigie saa tisa za usiku kwa sababu sasa hivi saa hiyo mwenzenu niko kitandani kama binadamu wengine.

Wapo mtakaosema tumekula hasara ya bati kwa ajili ya sinema ya midoli. Sibishi. Filamu yenyewe siwapendekezei mwonyeshe watoto, ni ya watu wazima na ina mambo yake, na mtoto wa kaka sasa anafungia DVD zake kwenye begi lenye kufuli. Lakini siwezi kuichukia. Nilimwonea huruma yule mzee Toulon. Kwenye filamu ya tatu, ya mwaka 1991, wanarudi nyuma mpaka Berlin mwaka 1941 na tunaelezwa kwamba yule mwanamke wa ruba ndani yake mna roho ya mke wa mzee, waliyeuawa na watu wa Hitler. Nilipomsimulia mwanangu hiyo akasema, "Aaa, kumbe ana hasira." Basi. Ameshaelewa, kamaliza.

Amepona? Karibu. Taa ya koridoni bado inawaka, na Jumanne iliyopita alikuja kitandani kwangu saa nane. Kitanda chake ni kikavu kwa wiki ya nne sasa. Usiku wa kwanza nilipolala nyumbani tulikaa wote kwenye giza tukasikiliza mabomba. Tok, tok, tok. Nilimwuliza, hiyo ndiyo miguu? Akasema ndiyo. Nikamwambia, kumbe inatisha kweli. Nadhani alikuwa anangoja mtu mmoja tu akubali hivyo.

Mdoli wetu anakaa juu ya friji, anaangalia mlango. Kila siku nikitoka natakiwa kumwonyesha kitambulisho kwanza.

Haya, wapendwa, saa tatu za usiku hapa, nakwenda kulala. Msalimieni kila atakayeniulizia. Mama, nitakupigia Jumapili baada ya kanisa, na ndiyo, tutakwenda kanisani.